Zawadi ya harusi ianzie kwa fundi
Na Ngoie Ilunga

Mahindi yakishavunwa hapa Kaniama, mialiko ya ndoa huanza kuingia nyumba kwa nyumba. Kiangazi barabara zinapitika, mifuko ina kitu, na jamaa wa Kamina na Mwene-Ditu wanaweza kufika. Lakini wengi wetu zawadi tunaikumbuka asubuhi ya harusi yenyewe. Tunakimbilia dukani, tunafungiwa termosi katika karatasi inayong'aa, na jioni bibi harusi anajikuta na termosi tano.

Sufuria na blanketi si vitu vya kudharau; nyumba mpya inapika na inalala. Ila angalieni mali inavyogawanyika siku hizo. Sheria ya Familia ya nchi yetu, Kongo, ya mwaka 1987 inadai mahari, na mahari yanakwenda kwa wazazi wa binti. Chakula ni cha wageni. Vikwembe vya sare vinavaliwa na ukoo. Kinachobaki mikononi mwa wale wawili ni zawadi, basi iwe kitu kilichotengenezwa kwa kuwafikiria wao.

Baluba hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Wazee wetu walilalia misamo, yaani mito ya mbao ya kuwekea kichwa, ili misuko iliyochukua saa nyingi isiharibike usiku, na msamo ulikuwa kitu cha mtu na kichwa chake. Katika karne ya 19 aliishi mchongaji wa upande wa Baluba Bashankadi ambaye misamo yake ina watu wenye nywele zinazoshuka ngazi kwa ngazi. Mmoja uko British Museum, London. Wataalamu wanautambua mkono wake popote wanapouona, lakini hakuna aliyeandika jina lake, kwa hiyo wanamtaja kwa zile nywele alizochonga. Jambo hilo linaniuma kila ninapolifikiria. Ukiagiza kazi leo, mwambie fundi aweke majina ya wanandoa, na chini yake jina lake mwenyewe, Kaniama na mwaka.

Kuchagua nako kuna heshima yake. Kiti kinachobebwa na umbo la mwanamke ni cha mulopwe, yaani mfalme, na machifu. Lukasa, ubao wa kumbukumbu, ni ya Bambudye, chama cha watunza historia waliofundishwa kusoma shanga zake. Vitu vya enzi havipelekwi kwa vijana wanaoanza maisha, hata kama fundi yuko tayari kuvichonga. Wape vigoda viwili vilivyotoka katika gogo moja, au kinu na mchi, sahani ya mti, kikapu, mkeka. Kwanza mwendee shangazi wa bibi harusi, kwa maana yeye anajua binti atakaa wapi na nini hakipo. Na kama bwana harusi anaitwa Kyungu, kila mtu hapa anajua kwamba yuko Kabange aliyezaliwa naye. Fundi anaweza kuchora alama mbili zinazofanana ukingoni mwa kigoda, na pacha huyo ataona hakusahauliwa.

Kinachoharibu kazi nyingi ni haraka. Mti mbichi ukianikwa juani hupasuka. Gogo linataka kivuli na muda likauke taratibu. Mfumaji wa mikeka naye ana msimu wa kukata majani na siku za kuyakausha. Anayekuja Jumatano akitaka zawadi ya Jumamosi atapewa kigoda chenye ufa, kisha atasema mafundi wa hapa hawajui kazi. Huo si uungwana. Na bei usiikandamize mpaka chini: kama mfuko ni mdogo, unganeni watu watatu au wanne mtoe kitu kimoja kizuri.

Ndugu msomaji, ukiwa na mwaliko wa kiangazi hiki, nenda kwa fundi wiki hii. Mpe nusu ya malipo atafute mti, na mwandikie majina ya wanandoa kwenye karatasi, herufi kwa herufi, asije akayakosea.