Kodi ya mtandaoni ipimwe kwa fedha, si kwa idadi ya vifurushi

Safu ya Soko na Haki
Na Rehema Mwakalinga

Kwa miaka 26, sheria ya Marekani ilimwonea mwenye duka la mtaani. Mteja aliingia, akajaribu viatu, kisha akaagiza jozi ileile mtandaoni kwa muuzaji wa jimbo jingine asiyemtoza kodi ya mauzo. Hukumu ya kesi ya Quill ya mwaka 1992 ilizuia jimbo kumlazimisha mfanyabiashara asiye na ofisi, ghala wala mfanyakazi ndani ya mipaka yake kukusanya kodi hiyo. Mnunuzi ndiye aliyetakiwa kuilipa mwenyewe, na wengi hawakulipa.

Juni 2018, katika kesi ya South Dakota dhidi ya Wayfair, Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo kwa kura 5 dhidi ya 4. South Dakota haitozi kodi ya mapato ya watu binafsi. Inategemea sana kodi ya mauzo. Ilistahili kushinda.

Ila sheria yake ilikuwa na mwiba. Iliwabana wauzaji wa nje waliouza jimboni humo zaidi ya dola 100,000 kwa mwaka, au waliofikisha mauzo 200. Majimbo mengi yakaiga vigezo vyote viwili.

Chukua fundi anayeuza hereni za dola 10 kwenye tovuti yake. Mauzo 200 ni dola 2,000 tu, na hapo hajatoa gharama za shanga, bahasha na posta. Kwa fedha hizo anatakiwa ajisajili, awasilishe ritani na ajue kila bidhaa inatozwaje. Jaji Mkuu John Roberts, aliyepinga uamuzi huo, alitaja Illinois: Twix ina unga, hivyo ni chakula, Snickers haina, hivyo ni peremende, na kodi zake hazilingani. Kampuni kubwa ina wahasibu wa kupambanua hayo. Fundi hupiga hesabu mwenyewe usiku, baada ya kazi.

South Dakota yenyewe ilifuta kigezo cha mauzo 200 mwaka 2023. Majimbo yanayoking'ang'ania yaifuate, na Bunge la Marekani liweke kiwango kimoja cha chini kwa nchi nzima, kinachopimwa kwa fedha. Mwenye duka alipata haki yake. Isigeuzwe mzigo kwa mnyonge mwenzake.