Mwenye Bwawa Ndiye Mwenye Dhamana

Ndugu msomaji, mtu akijenga bwawa la kuogelea uani hapa Lushoto husema kwa fahari: "Sina mkandarasi, nasimamia mwenyewe." Vyema. Lakini kusimamia si kuzunguka na fimbo mkononi, kumpunja mchimbaji leo na mwashi kesho.

Shika hesabu. Bwawa la mita 10 kwa 5, kina mita moja na nusu, huchukua lita 75,000, yaani madumu 3,750 ya lita 20. Uzito wake ni tani 75, nawe umezitundika mlimani juu ya nyumba ya jirani! Zege lataka siku 28 likomae. Wewe wamhimiza fundi ajaze maji wiki ya kwanza, na ukuta ukipasuka wamwita mwizi. Mwizi ni nani hapo?

Na kijito ulichokichepusha? Sheria ya maji ya mwaka 2009 yataka kibali, na walio bondeni wamwagilia kabichi zao kwa maji hayo hayo.

Aya ya 282 ya Suratul Baqara yatuamrisha kuandika deni la muda na kuweka mashahidi. Wewe umepatana na mafundi wanne kwa maneno ya barazani. Mtume (s.a.w.) ametufunza kumlipa kibarua kabla jasho lake halijakauka. Hapa kwetu baridi hulikausha upesi. Basi nawe fanya upesi zaidi.

Asiyeweza hayo na aoge kwa ndoo. Hesabu yake itakuwa nyepesi.