Gavana Akikosea, Jimbo Zima Lisusiwe?

Katika kikundi chetu liliulizwa swali: kiongozi wa mahali akiwa na siasa mbaya, ni haki watu wa nje kupasusia mahali hapo pote, wasiende wala wasinunue kitu? Tumeona vema kulijibu kwa kisa kilichotokea kweli katika jimbo la Arizona, huko Marekani.

Marekani iliadhimisha sikukuu ya Mchungaji Martin Luther King kitaifa kwa mara ya kwanza Januari 1986, lakini kila jimbo hujiamulia sikukuu zake. Gavana wa Arizona, Bruce Babbitt, aliitangaza mwaka huo huo. Januari 1987 akaingia gavana mpya, Evan Mecham, akaifuta. Alidai kuwa mwenzake hakuwa na mamlaka ya kuitangaza peke yake. Watu weusi walipolalamika, akawaambia wanachohitaji ni kazi, si sikukuu. Maneno hayo yaliwachoma watu. Mwimbaji Stevie Wonder alikataa kuimba Arizona, na vyama vingi vikapeleka mikutano yao kwingine.

Sasa tuulizane, nani aliumia? Mkutano mkubwa ukihamishwa, gavana halali njaa. Anayekosa ni mama anayetandika vitanda hotelini, na mpishi, na dereva wa teksi. Isitoshe, Mecham alishinda kwa takriban asilimia 40 tu ya kura, maana wagombea walikuwa watatu. Wapiga kura sita katika kila kumi hawakumchagua! Sisi wauguzi tunajua: daktari wa wodi akiwa mkali, hatuwanyimi wagonjwa wake uji.

Mtatuambia kwamba hata King mwenyewe aliongoza mgomo. Ni kweli. Mwaka 1955 watu weusi wa Montgomery waliacha kupanda mabasi kwa siku 381. Lakini waliogoma ndio hao hao waliokuwa wakidhalilishwa ndani ya mabasi, na miguu iliyouma ilikuwa yao. Mama mmoja mpishi, Georgia Gilmore, alifukuzwa kazi baada ya kutoa ushahidi mahakamani, akaendelea kupika nyumbani kwake na kuuza chakula ili mgomo upate fedha. Ni tofauti kabisa na mtu wa mbali anayebadilisha tu mji wa kufanyia mkutano.

Hata hivyo kisa cha Arizona hakikuishia hapo. Aprili 1988 Baraza la Seneti la jimbo lilimwondoa Mecham kwa makosa mengine. Novemba 1990 wananchi wenyewe wakaulizwa kwa kura kama wanaitaka sikukuu. Wakaikataa, ingawa pendekezo moja lilishindwa kwa kura chache sana. Hapo na sisi tunaanza kulegea, kwa kuwa uamuzi haukuwa tena wa mtu mmoja. Machi 1991 wakuu wa mpira wa Kimarekani waliiondoa fainali yao ya 1993, iliyokuwa ichezwe Tempe, wakaipeleka Pasadena, California. Mwaka 1992 kura ikapigwa tena na sikukuu ikapita kwa zaidi ya asilimia 60. Januari 1996 fainali ikachezwa Tempe.

Kwa hiyo kususia kulifanya kazi? Kwa sehemu, ndiyo. Lakini kabla ya kura ya 1990 zilikuwa zimeenea habari kwamba fainali ingeondolewa, na wapo waliochukia kuona wanatishwa. Mtu mzima ukimtisha hununa, hata kama una haki. Wenye waume mnalijua hilo.

Kwa maoni yetu, kuwasusia watu kwa ajili ya gavana ambaye wengi wao hawakumchagua haikuwa haki. Kuwasusia baada ya kura yao wenyewe kulikuwa na haki zaidi, kwa sababu walikuwa na uwezo wa kurekebisha, na walijua wakirekebisha watapata nini. Na ndani ya Arizona walikuwapo waliopigania sikukuu hiyo miaka yote, wakiongozwa na Mchungaji Warren Stewart wa kanisa moja la Kibaptisti mjini Phoenix. Aliyekuwa mbali angeweza kuwaandikia hao, au kuwapelekea mchango, hata kama hoteli aliikataa.

Swali la pili la kikundi, la kususia duka la jirani mwenye maneno, tutalijibu mwezi ujao.