Nyumba Isiyopata Mnunuzi



Tangu mwezi wa Januari nimepokea barua nne zenye swali moja. Mwandishi anauza nyumba, mwaka umekwisha au unakaribia kwisha, watu wanakuja kutazama na kwenda zao, wala hapatikani wa kutoa fedha. Afanye nini? Si desturi yangu kujibu habari nisizozijua. Lakini hii naijua, maana ilitukuta sisi wenyewe, na dada yangu ameniruhusu kuisimulia mradi nisitaje jina lake.

Dada yangu ni mkunga mstaafu. Nyumba yake ilikuwa Kihonda, mjini Morogoro: vyumba vitatu, sebule, jiko la nje, na ubavuni banda la useremala alimokuwa akifanya kazi marehemu shemeji. Shemeji alipougua, dada alikopa katika chama cha akiba na mikopo, akaweka hati ya nyumba kuwa dhamana. Shemeji alifariki mwaka 2021. Deni lililobaki lilikuwa shilingi milioni 11, na riba haikufa pamoja naye. Viongozi wa chama walimwambia kwa upole kabisa, "Mama, uza mwenyewe kabla hatujalazimika kuipeleka mnadani." Nyumba ya mnadani yauzwa kwa bei gani, kila mtu ajua.

Alianza kuiuza mwezi Machi 2023, akitaka milioni 55. Katika mwaka wa kwanza walikuja watu tisa. Wote walisema, "Tutarudi, mama." Hakurudi hata mmoja. Ilipofika Juni 2024, treni mpya ya umeme ikaanza safari za Dar es Salaam na Morogoro, na madalali wakatuambia kuwa sasa nyumba za mji huu zitagombewa kama njugu. Tukangoja. Treni ikaja na kurudi, mnunuzi wetu hakushuka.

Basi yafaa kwanza tujue ni kwa nini nyumba hukaa. Kwetu ni watu wachache sana wanaonunua nyumba kwa mkopo wa benki. Walio wengi hujenga wenyewe kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, mabati Mungu akijalia. Kwa hiyo mtu mwenye milioni 40 mkononi haishindanishi nyumba yako na ile ya jirani tu. Huishindanisha na kiwanja kitupu na lori la matofali. Hujisemea moyoni, "Kwa fedha hizi si nitajenga yangu nipendavyo?" Usipoweza kumjibu swali hilo, huna biashara. Nawe waweza kumjibu kwa kumwonyesha yale asiyoweza kuyajenga upesi: maji yanayotoka, umeme uliokwisha kuunganishwa, mwembe wenye kivuli cha miaka ishirini, na karatasi zisizo na mashaka. Sisi tulikuwa na hayo yote. Taabu ni kwamba tuliyaficha.

Siku moja nilimwambia dada akae ndani asinipokee, nami nikaanzia barabarani kana kwamba ni mgeni. Loo! Ua wa michongoma ulikuwa umefumka hata mlango wa nyumba hauonekani. Nikaingia sebuleni, nikakuta giza saa nne ya asubuhi, kwa sababu kabati kubwa lilisimamishwa mbele ya dirisha. Ukutani kulikuwa na baka la unyevu lililofika magotini, na harufu ya chumba kilichofungwa. Nikaenda jikoni nikafungua bomba. Halikutoa hata tone. Nikamwita dada, nikamwuliza kama maji yamekatwa. Akasema, "Maji yapo, mdogo wangu. Nimeyafunga kule kwenye mita kwa sababu koki inavuja, bili isipande." Ndipo nilipofahamu. Watu tisa walikuwa wamefungua bomba lile lile, wakaambiwa maji yapo, na kila mmoja akaamini macho yake. Kipira cha koki kilitugharimu shilingi mia chache.

Tukamwita dalali atupe shauri. Akasema tuweke marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, na madirisha ya vioo vya kusukuma, kama milioni sita hivi, nasi tutaongeza bei. Nilikataa, nami nakataa hata leo. Fedha hizo tungezikopa wapi, sisi tunaouza kwa ajili ya deni? Tena mnunuzi ana macho yake na mapenzi yake. Marumaru uliyochagua wewe huenda akaing'oa mwezi wa kwanza, lakini bei yake utakuwa umeilipa wewe. Nyumba inayouzwa yataka kutengenezwa, si kupambwa. Kilichovunjika kirudishwe, kilicho kichafu kisafishwe, basi.

Baka la ukutani ndilo lililotufundisha zaidi. Kijana mmoja alitaka kulipaka rangi ya mafuta lisionekane. Fundi mzee wa mtaani akamzuia. Akatuzungusha nje, akatuonyesha gata lililotoboka. Miaka yote hiyo maji ya paa yalikuwa yakimwagika hapo hapo penye msingi, na ardhi imeinamia nyumba badala ya kuipa mgongo. Ukipaka rangi ya mafuta juu ya ukuta uliolowa, maji hayapati pa kutokea, na baada ya miezi michache rangi huvimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Basi gata likazibwa, tukachimba mfereji wa kupeleka maji mbali, tukashindilia udongo upate mteremko, tukabandua lipu iliyooza, kisha tukakaa wiki sita ukuta ukauke. Dada aliona wiki hizo kuwa ndefu kuliko mwaka. Mimi nilimwambia kuwa mnunuzi mwenye akili hugusa ukuta kwa kiganja.

Kupaka nilipaka mwenyewe. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulipaka madarasa kila mwisho wa muhula, na kazi hiyo haijanitoka. Chokaa hulowekwa usiku kucha, huchujwa kwa kitambaa cha gunia, hutiwa chumvi kidogo ipate kushika, na hupakwa nyepesi mara tatu, kila mkono ukikauka kwanza. Ukipaka nzito mara moja itapasuka na kumchafua kila aegemeaye. Wala usiipake juu ya rangi ya mafuta, haitashika. Kwa wakati huo tulikata michongoma ifike kifuani, tukaondoa kabati dirishani, tukaosha nyavu za madirisha, tukakarabati choo na kumwaga saruji pale mlangoni pake. Pamoja na fundi tulitumia shilingi 640,000. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye gata na lipu.

Lilibaki banda. Hapo sikuweza kusema neno kwa muda mrefu. Tangu shemeji afariki dada hakuruhusu mtu aguse kitu. Maranda yalikuwa yamelala sakafuni kama alivyoyaacha, randa yake juu ya benchi, mlango mmoja wa kabati la mteja nusu umekamilika. Na katika vipande vya mbao mchwa walikuwa wamejenga njia hadi kwenye fremu ya mlango wa nyumba. Kila aliyekuja kununua alichungulia humo, akaona mchwa, akatoka. Mimi nalijua hilo tangu mwanzo, lakini nilikuwa naona haya kumwambia.

Fundi mzee ndiye aliyesema, tena kwa maneno machache. "Mama, mchwa hawajui kama vitu hivi ni vya marehemu." Dada aliingia ndani akafunga mlango. Nikadhani tumemkosa. Jumamosi iliyofuata alinipigia simu nije na kijana aliyekuwa akijifunza kazi kwa shemeji. Tulipofika alikuwa amekwisha kupanga vyombo juu ya mkeka: misumeno, patasi, randa tatu, jiliwa. Akampa kijana vyote isipokuwa randa moja ndogo. Maranda tuliyachoma siku hiyo, fremu ikakatwa sehemu iliyoliwa na kuungwa upya, na mahali pa mchwa pakatiwa dawa.

Sasa karatasi. Wengi husafisha nyumba wakasahau hizi. Kodi ya jengo, tangu mwaka 2021, hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU, na kwa hiyo wengi hudhani hawadaiwi kitu. Lakini kodi ya pango la ardhi ni jambo jingine, nayo hulipwa kila mwaka kwa kiwanja chenye hati. Dada alikuwa na malimbikizo, akayalipa. Tulitafuta mawe ya mpaka tukayapata matatu. La nne lilikuwa chini ya jalala la jirani, tukalifukua pamoja naye akishuhudia, ili mnunuzi asije kununua ugomvi. Juu ya deni, hatukulificha. Tuliomba chama barua inayotaja kiasi kilichobaki, tukawa tunaionyesha siku ile ile ya kwanza, maana mnunuzi akifanya upekuzi ofisi ya ardhi atalikuta, na akilikuta mwenyewe hatakuamini tena kwa neno lolote. Walio katika ndoa nao wakumbuke kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimruhusu mume wala mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Na uulize mapema ofisi ya kodi juu ya kodi ya faida itokanayo na mauzo, usije ukaijua wakati fedha umekwisha kuzigawa.

Bei tuliishusha. Hili halikumpendeza dada, maana milioni 55 alizihesabu kwa jasho alilotoa, na mnunuzi haulizi jasho. Tulikwenda kuuliza nyumba za jirani ziliuzwa kwa kiasi gani hasa, si kiasi kilichotakwa, tukaandika milioni 42. Afadhali bei inayowaleta watu mlangoni kuliko bei inayowatisha wakiwa kwenye simu.

Waliokuja safari hii walikuwa mwalimu na mkewe. Mvua ilikuwa inanyesha, nami nilitaka tuwaahirishe, lakini fundi mzee alisema ndiyo siku nzuri, watazame dari. Bwana alitazama dari. Bibi alikwenda moja kwa moja jikoni akafungua bomba, kisha chooni, kisha akasimama dirishani pale kabati lilipokuwa, akitazama mwembe. Walirudi mara mbili, mara ya pili na baba yake bibi, ambaye aligusa kuta zote kwa kiganja. Walikubaliana milioni 38. Milioni 11 na riba yake mnunuzi aliziingiza moja kwa moja katika chama, hati ikatolewa, na zilizobaki zikapelekwa kwa dada mbele ya wakili. Amepata nyumba ya vyumba viwili karibu na binti yake, wala hadaiwi.

Mama mmoja ameniuliza katika barua yake kama asubiri bei ipande. Mama, kama hudaiwi wala huna haraka, subiri, lakini usiifunge nyumba, mtie mtu akae humo hata kwa kodi ndogo, afungue madirisha na kufagia. Kama unadaiwa, hesabu riba ya miezi unayotaka kusubiri, uiandike karatasini kando ya kiasi unachotumaini kuongezewa, halafu uniandikie tena.

Siku ya kukabidhi funguo dada aliwaomba wenye nyumba jambo moja tu, ang'oe shina la mchaichai nyuma ya jiko. Wakamwambia ang'oe nusu, nusu abakize.