Uliza Kwanza, Ndipo Uzidishe

Wako wanafunzi wengi waionao hesabu ya uwiano kuwa kazi ya ubao na chaki tu. Hudhani ya kuwa siku ya mtihani ikipita, hesabu hiyo nayo imekwisha kazi yake. Fikira hiyo si ya kweli. Mtu wa Songea huitumia tangu alfajiri mpaka usiku, ijapokuwa pengine hajui jina lake. Mama apikapo ugali wa watu wanne hujua kadiri ya unga na kadiri ya maji. Wageni wanne wakibisha hodi, huuzidisha unga mara mbili, na maji huyazidisha mara mbili vile vile. Akiongeza maji peke yake, atapata uji. Akiongeza unga peke yake, mwiko utakwama. Huo ndio uwiano: vitu viwili viendavyo pamoja, kimoja kikizidi mara mbili, na cha pili huzidi mara mbili.

Wazee wa zamani walipima nafaka kwa kibaba na pishi, na vibaba vinne vilikuwa pishi moja. Siku hizi katika soko la Songea mahindi hupimwa kwa debe na kwa kilo. Vipimo vimebadilika, lakini sheria ya hesabu ni ile ile. Ikiwa madebe 3 yauzwa shilingi 36,000, mwenye akili hutafuta kwanza bei ya debe 1, nayo ni shilingi 12,000. Akiisha kuijua bei ya debe moja, madebe 5 hayamsumbui tena: ni shilingi 60,000. Njia ni nyepesi, na kila mwanafunzi aweza kuijua kwa siku moja.

Lakini wepesi huo una hatari yake. Mtoto aliyekariri njia peke yake hufanana na mtu aliyepewa panga kali, naye hakuambiwa ni mti gani wa kukata. Humwona kila mti mbele yake kuwa kuni. Aulizwe hivi: “Watoto 10 huimba wimbo mmoja kwa dakika 3. Watoto 20 watauimba kwa dakika ngapi?” Atajibu upesi, “Dakika 6!” Kumbe wimbo ni ule ule, nao utakwisha kwa dakika 3. Aulizwe tena: “Watu 4 hulima shamba kwa siku 6. Watu 8 wenye nguvu sawa na wale watalilima kwa siku ngapi?” Atasema siku 12, kana kwamba msaada huongeza kazi! Jibu ni siku 3, kwa kuwa watu wakizidi, siku hupungua. Na kama mtoto wa miaka 5 ana urefu wa sentimeta 110, je, akifika miaka 10 atakuwa na sentimeta 220? Mtoto wa namna hiyo hangeweza kupita mlangoni mwa darasa.

Basi, kabla ya kuzidisha, mwanafunzi yampasa kujiuliza: Je, vitu hivi viwili huenda pamoja? Au kimoja kikipanda, cha pili hushuka? Au havina habari kila kimoja na mwenziwe? Wako wasemao ya kuwa maswali hayo hupoteza wakati, na ya kuwa mtihani u karibu, heri kukariri kanuni. Kukariri kanuni si kubaya. Lakini aliyekariri bila kufahamu hushindwa siku swali likigeuzwa kidogo, naye aliyefahamu hata akiisahau kanuni aweza kuitengeneza tena.

Njia nzuri ya kufahamu ni kupima kwa mikono. Wanafunzi na watoke uani jioni wakiwa na fimbo ya meta 1. Waisimamishe wima, wapime kivuli chake. Kama kivuli ni meta 2, na saa ile ile kivuli cha mwembe ni meta 24, basi mwembe una urefu wa meta 12, wala hapana aliyeupanda. Hapo pia swali la kwanza halina budi kuulizwa: je, vivuli hivi ni vya saa moja? Maana kivuli cha fimbo kilichopimwa adhuhuri hakifai kulinganishwa na kivuli cha mti kilichopimwa jioni.

Tena hesabu hii yaweza kuwa jambo la uzima na mauti. Mtoto mdogo akishikwa na tumbo la kuhara hupungukiwa na maji mwilini, na asipopata msaada aweza kufa. Zahanati hutoa dawa ya unga katika pakiti, ya kuchanganya na maji kwa kipimo kilichoandikwa. Isipokuwapo, hutengenezwa nyumbani kwa lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chumvi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa. Chombo kikiwa cha nusu lita, sukari ni vijiko 3, na chumvi robo kijiko. Mtu akipunguza maji nusu, naye akasahau kupunguza chumvi, ameufanya ukali wa chumvi kuwa mara mbili, na dawa imegeuka madhara. Mtoto huyo apewe kinywaji hicho kidogo kidogo, na apelekwe zahanati upesi.

Uwiano ni hesabu ya haki vile vile. Mwaka 1936 wakulima wa tumbaku wa Ungoni na Umatengo waliungana katika chama cha ushirika, wauze mazao yao kwa sauti moja. Watu wakiuza pamoja, lazima wajue kugawana. Mmoja akileta kilo 30 na mwenziwe kilo 10 za tumbaku iliyo sawa kwa ubora, na fedha yote ikiwa shilingi 80,000, wa kwanza ana haki ya shilingi 60,000, na wa pili shilingi 20,000. Wakigawana nusu kwa nusu, jasho la mmoja limeliwa. Kwa hiyo Maandiko Matakatifu yanakataza mizani ya hila, na mkulima asiyejua hesabu hawezi kujua kama ameibiwa.

Hata hivyo ugali wa nyumbani haugawanywi kwa kadiri ya jasho. Bibi kizee na mtoto mchanga hawakushika jembe, nao hula. Mwenye kuleta mizani mezani amejua kuzidisha, lakini hakujua kuuliza. Mwanafunzi aliyefunzwa vema hujua hayo mawili: hujua kuhesabu, tena hujua ni wapi hesabu hiyo ina haki ya kutumiwa. Kuuliza si ujinga. Ndiyo nusu ya jibu.