Hatuchelewi, Tunacheleweshwa

Kila tarehe 4 Februari, Siku ya Saratani Duniani, kuna mtu mwenye koti safi husimama mbele ya maikrofoni na kutuambia kwamba shida ya Wakenya ni kuchelewa. Ati tunakuja hospitali ugonjwa umeshafika mbali. Tunaogopa, tunaona haya, tunaanzia kwa mganga na kumalizia kwa pasta. Halafu anatupiga na ile methali ya shule ya msingi: mficha maradhi kifo humuumbua.

Mimi sikuficha. Nilisema mara nne, kwa sauti, mbele ya watu wenye koti jeupe.

Mara ya kwanza ilikuwa Januari 2025. Nilikuwa na miaka 26. Asubuhi hiyo, katika choo cha nyumba yetu Buruburu Phase 3, mkojo wangu ulitoka mwekundu kama juisi ya tikiti maji. Sikusikia uchungu wowote. Nilijipa wiki mbili za kujidanganya, nakubali, kisha ikarudi nikashuka hadi kemisti moja pale Mumias South Road. Jamaa wa kaunta hakuinua hata macho. "Sista, hiyo ni UTI. Kunywa hizi siku tano, na maji mingi." Siku ya pili damu ikakata. Nikashukuru dawa.

Kumbe ndio mtego wenyewe. Damu ya saratani ya kibofu huja na kuondoka yenyewe. Leo ipo, kesho haipo, inaweza kupotea wiki au miezi. Ukimeza kitu chochote wakati inakata, hata peremende, hiyo peremende itasifiwa kuwa tiba.

Machi ikarudi. Kliniki ndogo karibu na Mutindwa walichovya kijiti kwenye mkojo wangu: damu ipo, dalili za maambukizi hakuna. Badala ya kujiuliza damu inatoka wapi, waliniuliza nina wapenzi wangapi. Nikatoka na dawa za zinaa na aibu ambayo sikuja nayo. Mei, katika hospitali kubwa zaidi, daktari aliniuliza kama nina uhakika si hedhi. Nimeona hedhi tangu darasa la saba. Najua damu yangu inatokea wapi.

Julai nilimpata intani, msichana wa rika langu, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Aliuliza swali moja ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: "Ilikuwa na uchungu?" Nikasema hapana. Akaacha kuandika, akaniangalia, akaniagizia ultrasaundi siku hiyo hiyo. Kulikuwa na kitu kimeota kwenye ukuta wa kibofu, ukubwa wa zabibu.

Upasuaji wake hauachi kovu la nje. Kifaa hupitishwa pale pale mkojo unapotokea, uvimbe unakwanguliwa vipande vipande na kupelekwa maabara. Nilirudi nyumbani na mpira wa mkojo, mfuko nimeuficha ndani ya dera, nimekaa kwenye matatu ya 58 huku makanga akinisukuma, "Songa hapo, siz, kiti ni ya watu watatu." Majibu yakaja: saratani, ya aina kali, imepenya chini ya utando lakini haijagusa misuli.

Shika hilo neno misuli. Saratani ikiwa haijafika hapo, mara nyingi unakwanguliwa, unawekewa dawa, unabaki na kibofu chako. Ikifika, mazungumzo mara nyingi huwa ya kutoa kibofu chote na kuvaa mfuko tumboni maisha yako yote, au kutengenezewa kibofu kingine kwa utumbo. Kutoka Januari hadi Julai, wakati mimi nameza antibayotiki, uvimbe ulikuwa njiani kuelekea huko.

Dawa niliyowekewa unaifahamu. Angalia mkono wako wa kushoto, chini ya kiwiko, utaona kovu la chanjo ya kifua kikuu, BCG, uliyodungwa ukiwa mtoto. Tangu miaka ya 1970 madaktari wamekuwa wakiitumia dhidi ya saratani ya kibofu. Inamiminwa ndani kupitia mpira, unaibana kama saa mbili, mara moja kwa wiki, wiki sita. Jioni yake nilikuwa natetemeka kwa homa na kukojoa kama pilipili. Sasa kila miezi mitatu kamera nyembamba inaingia kuchungulia, kwa sababu ugonjwa huu hupenda kurudi. Nimejua kila choo kati ya Donholm na Kencom.

Najua utaniambia hofu na aibu zipo. Zipo. Pia utauliza kama nilivuta sigara. Nilivuta, chuoni, kabla sijaacha masomo, na sigara ndiyo chanzo kikuu cha saratani hii. Lawama yangu nitaibeba. Ila wiki mbili za uoga wangu haziwezi kulipia miezi mingine mitano ya kupuuzwa.

Wala si bahati yangu mbaya peke yangu. Saratani hii huwapata wanaume zaidi, kwa hivyo mwanamke akitaja damu, akili ya wengi hukimbilia UTI. Utafiti wa Marekani na Uingereza umeonyesha kwamba wanawake hukawia zaidi kufikishwa kwa daktari bingwa. Hapa kwetu kuna na kichocho, kile cha Kwale na Tana River, ambacho kinajulikana rasmi kusababisha saratani ya kibofu tangu 1994. Mtoto wa huko akikojoa damu, anahitaji praziquantel, si kuambiwa amekua.

Tunabishana sana kuhusu pesa, na tuna haki. SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, ilitenga shilingi 400,000 za saratani kwa familia kwa mwaka, na 150,000 nyingine zikiisha. Laki hizo huisha haraka. Lakini swali la yule intani lilikuwa bure.

Kwa hivyo wewe wa kaunta: damu kwenye mkojo si ugonjwa wa kuuziwa vidonge dirishani. Mtume huyo mtu hospitali. Na wewe daktari: ikiwa kijiti hakionyeshi maambukizi, au dawa zimeisha na damu imerudi, acha kuandika antibiotiki nyingine. Chungulia kibofu. Na wewe wa maikrofoni, Februari ijayo utuambie ni wagonjwa wangapi walisema mapema wakarudishwa nyumbani na vidonge. Methali yako haina neno kwa aliyeambiwa akapuuza.

Na wewe unayesoma hii kwenye simu, weka maneno haya mahali utayakumbuka: "Nimekojoa damu, sina uchungu, nataka kibofu changu kipigwe picha." Yaseme hivyo hivyo. Wakikwambia ni UTI, waombe wakuonyeshe majibu ya maabara. Wasipokuwa nayo, nenda kwingine siku hiyo hiyo.