Sanaa ya Ushirika na Ujenzi wa Mitaa ya Kampala

Wakazi wengi wa Kampala walizaliwa mbali na Kampala. Aliyetoka Arua, aliyetoka Mbale, aliyetoka Kigezi, na yule aliyevuka mpaka kutoka Kongo au Sudani Kusini akikimbia vita, wote huja wakapanga vyumba ukuta kwa ukuta katika Kisenyi, Bwaise, Katwe au Nsambya, wakachota maji katika bomba moja na kusongamana katika soko moja, na aghalabu miaka hupita mmoja asijue jina la jirani yake wala lugha anayomwombea Mola wake. Siku ya mafuriko, ya moto au ya fitina ndipo upungufu wa ujirani wa namna hii hudhihirika, kwa kuwa watu wasiojuana hawana pa kuanzia kusaidiana. Nia yangu katika makala haya ni kuwanasihi wakazi wenzangu kwamba miongoni mwa dawa zilizo karibu na mikono yetu imo sanaa itendwayo na wenyeji wote: wimbo unaoimbwa na mtaa mzima, mchezo wa kuigiza uliotungwa na wenye kisa chenyewe, ngoma isiyobagua mzee wala kijana, na ukuta uliochorwa na watoto wapitao mbele yake kila siku.

Mfano wa kwanza uko juu ya kilima cha Kasubi. Nyumba kuu iitwayo Muzibu Azaala Mpanga, iliyojengwa mwaka 1882 kuwa kasri ya Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Muteesa wa Kwanza, na ambamo Makabaka wanne wamezikwa, haikuwa kazi ya fundi mmoja. Ukoo wa Ngeye, wenye mbega kuwa ishara yao, ndio wenye amana ya kuezeka. Ukoo wa Ngo, ambao ishara yao ni chui, ndio wapambaji. Wako wenye elimu ya kupiga magome ya mti wa mutuba hata yakawa nguo. Na pete 52 za dari yake zawakilisha koo 52 za Buganda, hata Mganda aingiaye aweza kuinua uso akaiona sehemu ya jamaa zake katika jengo lile. Nyumba hiyo ilipoteketea usiku wa tarehe 16 Machi 2010, msiba uliingia katika kila ukoo, maana kila ukoo ulikuwa na fungu lake mle ndani. Mwaka 2013 Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Charles Peter Mayiga alizunguka nchi akikusanya michango ya kuijenga upya, iliyoitwa ettofaali, yaani tofali, na watu wakatoa kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Na mwaka 2023 UNESCO ikaiondoa Kasubi katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Yawezekana mkandarasi mmoja angaliimaliza kazi ile kwa muda mfupi zaidi, lakini elimu ya kuezeka ingalizidi kudhoofika, na wenye nyumba wangalibaki watazamaji wa msiba wao.

Mfano wa pili ni wa siku za huzuni kubwa. UKIMWI ulipoingia Uganda, maradhi yaliua kwa upande mmoja na aibu ikaua kwa upande wa pili, kwani mgonjwa alifichwa, mjane alitengwa, na yatima alinong'onezwa. Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa maradhi hayo, aliasisi TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI, pamoja na wenziwe. Na mwaka 1989 mwimbaji Philly Lutaaya alitangaza hadharani kwamba anaugua, akaenda mashuleni na makanisani akiimba na kusema na watu mpaka alipofariki mwezi wa Desemba mwaka ule ule. Vikundi vya nyimbo na maigizo vya TASO vilikuwa vya wagonjwa wenyewe. Aliyeimba ndiye aliyeugua, na aliyesikiliza alimwona mbele yake mtu mzima mwenye sauti, mwenye akili na mwenye haki ya kuishi, ilhali jana alimdhania maiti atembeaye. Daktari huweza kuandika dawa ya mwili. Lakini kumrudisha mtu katika heshima ya jirani zake ni kazi ambayo nyimbo zile ziliifanya kwa ufasaha mkubwa.

Vijana nao wana hoja yao. Mwaka 2006 Abramz Tekya alianzisha Breakdance Project Uganda, mafunzo ya dansi yasiyo na ada, ambayo kanuni yake ni kwamba anayejifunza leo amfundishe mwenziwe kesho. Hivyo mtoto wa barabarani akaweza kuwa mwalimu wa mtoto wa shule, na mizani ya hadhi, ambayo mjini hupimwa kwa fedha tu, ikapimwa kwa bidii na ustadi. Ni wangapi katika mitaa yetu hawajapata hata siku moja kuombwa wafundishe jambo walijualo?

Najua watakaouliza, je, mwenye njaa aimbe? Mimi najibu kwamba kuzibua mifereji, kuweka akiba kwa zamu na kulinda mtaa usiku hutegemea uaminifu, na uaminifu huzaliwa pale watu walipokwisha kutenda jambo pamoja na kuona kuwa hawakukimbiana. Wazee wa Buganda walilitambua hilo, kwani kazi ya umma waliyoiita bulungi bwansi iliitwa kwa mlio wa ngoma, na watu wakatoka majumbani kwenda kutengeneza njia na visima. Wengine, kwa ucha Mungu wao, huogopa kwamba ngoma ni mlango wa upotovu. Hao nawaomba wasikilize kasida za Maulidi pale msikitini Kibuli, na kwaya za makanisa ya Namirembe na Rubaga, wapime kwa insafu kama waumini hawakuunganishwa zaidi na sauti walizozitoa pamoja.

Hata hivyo, yapo maradhi yanayoiharibu sanaa hii, nayo ni kuipokea ikiwa imekwisha kupikwa. Mfadhili huja na ujumbe alioutunga afisini, akawapa wenyeji fulana na posho, wakauigiza, na fedha ikikoma mchezo nao hukoma, kwa sababu haukuwa wao. Tazama jinsi ilivyokuwa Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, mwaka 1977: wanavijiji walijenga ukumbi wao kwa mikono yao, na mchezo ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii wakausahihisha hadharani wakati wa mazoezi, kwani maisha yaliyoigizwa yalikuwa ya kwao. Serikali iliupiga marufuku mchezo, ikamfunga Ngũgĩ wa Thiong'o bila ya mashtaka, na mwaka 1982 ikaubomoa ukumbi. Hapa Kampala, mwaka ule ule wa 1977, Byron Kawadwa, mtunzi na mkuu wa Jumba la Taifa la Sanaa, aliuawa na utawala wa Amin. Madhalimu hawajisumbui kubomoa kitu dhaifu. Ukatili wao ni ushahidi kwamba watu wanaosema kwa sauti yao wenyewe wana nguvu ya kweli.

Basi, enyi wenyeviti wa mabaraza ya mitaa (LC1), tengeni uwanja mmoja katika kila mtaa kabla haujauzwa, na jioni moja katika kila juma iwe ya wenyeji wote. Enyi walimu, mashindano ya nyimbo, ngoma na maigizo yasiishie katika kuwania vikombe. Waiteni wazazi waje wafundishe nyimbo za makwao. Enyi wasanii, ingieni mitaani mkiwa na masikio kabla ya kuwa na maneno. Kumbukeni kwamba wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Makerere mwaka 1965 walizunguka Uganda na Kenya na michezo yao bila ya kutoza kiingilio, wakiigiza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwemo. Na sasa, maadamu Baraza la Mawaziri limekwisha kuamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kifundishwe mashuleni, lugha hii na ipewe kazi ya kuwakutanisha Mganda, Mlugbara na Mkongomani katika mchezo mmoja. Nawe msomaji, usingoje kualikwa: mjue jirani yako, muulize wimbo wa kwao, umfundishe wa kwenu, na mtaa wenu uanze leo.